Karatasi Zinasema Ana Miaka 14, Mimi Niliyemzaa Najua Ana 11

Mshauri mpendwa,

Naandika usiku, watoto wamelala, mume wangu yuko kazini ghalani. Naomba jina langu lisitoke.

Sisi ni Wabembe wa Fizi, Kivu ya Kusini. Mwaka 2015 tulivuka ziwa tukafika Kigoma, tukapelekwa kambi ya Nyarugusu, na huko tukakaa karibu miaka tisa. Februari 2024 tuliletwa Marekani, jimbo la Kentucky. Tuna watoto wanne. Wawili wakubwa ndio wanaoninyima usingizi: binti yangu, aliyezaliwa tarehe 10 Februari 2011, na mdogo wake wa kiume, aliyezaliwa tarehe 19 Juni 2013.

Siku ya kuandikishwa kule Kigoma mimi nilikuwa nimelazwa na homa. Mume wangu ndiye aliyetaja majina na miaka, amechoka, watoto wanalia, mstari mrefu nyuma yake. Karatasi ilipotoka, miaka ilikuwa imepishana. Binti ameandikwa 1 Januari 2013, kijana 1 Januari 2011. Mkubwa akawa mdogo na mdogo akawa mkubwa. Nilipopona nikataka twende kurekebisha. Majirani wakatuambia, ukigusa faili kesi yako inarudi mwanzo. Kuna mtu alirekebisha herufi ya jina tu, akakaa miaka mitatu bila kuitwa. Mume wangu akasema, usimwamshe aliyelala. Mahojiano yalipokuja, kila mara tulijibu kama karatasi ilivyosema. Na watoto tuliwafundisha. Kijana wangu alikuwa na miaka tisa. Nilimkalisha kitandani nikamwambia: ukiulizwa umezaliwa lini, sema 2011, usiongeze neno.

Huku shule zinampanga mtoto kwa umri wa kwenye karatasi. Kambini watoto wetu walifuata masomo ya Kongo, kwa Kifaransa. Kijana alikuwa darasa la nne, dada yake la sita. Hapa kijana akaingizwa darasa la saba, sasa yuko la nane. Dada yake akaanzia la tano, sasa yuko la sita. Binti anang'ara. Hesabu zao nyingi alishazisoma, Kiingereza kinamwingia, ana marafiki, na picha yake imebandikwa ukutani na wanafunzi wa mwezi.

Kijana haongei. Mwaka mmoja na mwezi, darasani hajafungua mdomo. Nyumbani anacheka, anawatania wadogo zake, anatangaza mpira sebuleni kama mtangazaji wa redio. Akivuka mlango wa shule anakuwa jiwe. Wenzake wana sauti nzito, wengine wameanza kuota ndevu, yeye anawafika mabegani. Walimu humwambia amwangalie "mdogo wake" kwenye basi, na huyo "mdogo" ndiye aliyekuwa akimshika mkono kumpeleka bombani Nyarugusu.

Wiki mbili zilizopita shule ilileta barua. Wanataka sahihi yangu ili wampime kama ana ulemavu wa kujifunza. Hakukuwa na mkalimani. Binti yangu ndiye aliyenisomea, akafika katikati akanyamaza. Mume wangu anasema wanataka kumwita mtoto wetu kichaa. Mzee mmoja kanisani anasema ukisaini atawekwa na watoto wasiojiweza mpaka amalize shule. Agosti anatakiwa kuingia sekondari ya juu. Na mwaka wetu wa kwanza umetimia, kwa hiyo tunapaswa kujaza fomu za ukaaji wa kudumu, ambako tarehe za kuzaliwa zinaulizwa tena na tunatia sahihi.

Dada yangu aliyebaki kambini ananiambia mficha maradhi kifo humwumbua. Binti yangu alisikia simu ile, akanijia jikoni: "Mama, ukisema, watanitoa darasani kwangu." Na Jumapili usiku kijana akaniuliza, "Mama, kweli mimi nina miaka mingapi?" Nilijifanya nimesinzia.

Nisaini? Niseme? Ninyamaze?

Mama wa wanne, Kentucky

—

Mama wa wanne,

Pole kwa kukesha. Na asante kwa kuandika tarehe zote bila kuficha, maana bila hizo jibu lingekuwa la kubahatisha.

Ukiyaondoa maneno ya majirani, ya mzee wa kanisa na ya dada yako, yanabaki mambo matatu. Kuna mtoto asiyeongea darasani, kuna karatasi ya shule inayosubiri sahihi, na kuna tarehe mbili za kuzaliwa zilizopishana. Yanahusiana, lakini hayana mlango mmoja wala haraka moja. Wewe unayaona kama nguo moja iliyofumwa, ukivuta uzi yote inafumuka, ndiyo maana umekwama. Hebu tuyashike moja moja, tuanze na mtoto.

Mtoto anayeingia katika lugha mpya mara nyingi hukaa kimya kwanza. Anasikiliza, anakusanya, na hilo huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Kiingereza cha uwanjani na cha kantini huja baada ya mwaka mmoja au miwili hivi. Kiingereza cha kitabu cha sayansi ni kitu kingine kabisa; huchukua miaka mitano hadi saba hata kwa mtoto hodari. Kwa hiyo kushindwa masomo ya darasa la nane baada ya miezi 13 si ajabu, hasa kwa mtoto aliyetoka darasa la nne na kurushwa la saba. Darasa la nane hapo wanafanya milinganyo na grafu za mistari. Yeye hata uwiano, unaofundishwa darasa la sita, hakufundishwa na mtu. Hiyo ni ngazi iliyokatwa vipandio vitatu katikati.

Lakini kutotamka neno lolote kwa miezi 13 ni kimya kirefu kuliko kawaida, na shule haijakosea kukiulizia. Nilichokishika katika barua yako ni kwamba nyumbani anatangaza mpira. Mtoto anayeweza kutangaza mpira ana maneno, ana kumbukumbu, anafuatilia mambo yanayokwenda kasi na kuyapanga kwa sauti. Shule haijui hilo. Wewe ndiye unayelijua.

Kisha kuna sentensi yako: "Sema 2011, usiongeze neno." Sikulaumu hata kidogo; mliyafanya hayo ili watoto wafike salama. Ninakuomba tu ujiweke kwenye dawati la kijana. Somo la kwanza la Kiingereza kwa mgeni yeyote ni lipi? Jina lako nani. Una miaka mingapi. Siku yako ya kuzaliwa ni lini. Maswali hayo yako kwenye ukurasa wa kwanza, kwenye wimbo, kwenye kalenda ya darasa yenye picha za keki. Kwa wenzake ni maswali mepesi kuliko yote. Kwake yeye ndiyo swali pekee aliloambiwa kuwa likijibiwa vibaya, familia nzima inaweza kurudishwa. Na kila mwalimu akimwita kaka mkubwa wa dada yake, anakumbushwa. Siwezi kusema kwamba ndicho chanzo cha kimya chake. Huenda ni aibu ya kuwa mfupi, huenda ni masikio, huenda ni vyote kwa pamoja. Ila nauliza tu kama una hakika kwamba kimya hiki na ile siri ni mizigo miwili tofauti.

Njia ya kujua ni kuzungumza naye, na ameshakufungulia mlango Jumapili ile. Unaweza kumwambia ukweli: umezaliwa tarehe 19 Juni 2013, ilikosewa siku ya kuandikishwa, wewe hukukosa lolote, na kurekebisha ni kazi ya wazazi. Hatari yake ni kwamba ana miaka 11, na mtoto wa miaka 11 anaweza kumnong'oneza rafiki. Hatari ya kutomwambia ni kwamba tayari anajua kuna kitu, na anakibeba peke yake. Ukiamua kumwambia, mpe na neno la kutumia shuleni ambalo si uongo wala si siri kutoka: akiulizwa umri, ajibu "mwulize mama". Mfundishe kwa Kiingereza, mrudie pamoja mara kumi. Ni sentensi fupi, na ni yake kuisema kwa sauti.

Kabla ya jambo lolote la akili, angalia masikio. Je, amewahi kutoka usaha sikioni kule kambini? Je, anaongeza sauti ya televisheni, au hasikii ukimwita akiwa amekupa mgongo? Watoto wengi waliougua masikio bila kutibiwa husikia nusu nusu, na sauti za lugha ngeni ndizo zinazopotea kwanza. Omba apimwe masikio na macho. Muuguzi wa shule au kliniki yenu wanaweza kuanza nalo. Halafu mpe ukurasa wa Biblia ya Kiswahili au ujumbe mrefu wa simu, umsikilize akisoma. Akisoma kwa ufasaha na kuelewa, umepata habari nzito ya kuwapelekea walimu. Akikwama hata kwa Kiswahili, nayo ni habari, na haina maana kuwa ni mgonjwa. Inaweza kuwa ni darasa la watoto mia na mwalimu mmoja. Mwambie pia agawanye 156 kwa 12 kwenye karatasi. Aliyefundishwa kwa mtindo wa Kifaransa huandika kigawanyo upande wa kulia na jibu chini yake, na desimali huandika kwa mkato, 1,5, si kwa nukta. Mwalimu wa Marekani akiona hivyo bila kujua asili yake anaweza kudhani mtoto amechanganyikiwa, kumbe hesabu ni sahihi.

Sasa karatasi ya shule. Mume wako anaogopa neno kichaa, na katika jamii zetu neno hilo likimshika mtoto halimwachii, kwa hiyo hofu yake ina mizizi. Ila kuna mambo kadhaa ambayo naona hamkuelezwa. Sahihi mnayoombwa ni ya kupima tu. Wakimaliza kupima na kutaka kumpa huduma ya elimu maalumu, wanarudi kuomba sahihi nyingine, na mnaweza kukataa. Watoto wengi wanaopata huduma hiyo hubaki darasa la kawaida na kutolewa saa moja au mbili tu, kwa hiyo alichosema mzee hakiwi hivyo kwa kila mtoto. Sheria ya taifa inasema mtoto asihesabiwe mlemavu ikiwa sababu kuu ni kutojua Kiingereza, au kwamba hakupata kufundishwa ipasavyo kusoma na hesabu. Na inataka apimwe kwa lugha anayoimudu, pale inapowezekana. Kwa mtoto wako hiyo ni Kiswahili au Kibembe, na ni haki yenu kuuliza kwa maandishi nani atakayempima kwa Kiswahili.

Ila kuna shimo moja katika kipimo hiki. Vipimo vya uwezo wa kujifunza husomwa kwa kulinganisha mtoto na wenzake wa umri wake. Alama anazopata huwekwa kwenye jedwali la watoto wa umri kama wake, kwa miaka na miezi. Kijana wako akipimwa kama mtoto wa miaka 14 wakati ana 11, matokeo yatashuka hata kama ana akili timamu na angejibu kwa Kibembe. Huo si uzembe wa mpimaji. Atakuwa ametumia tarehe aliyopewa. Kwa hiyo ukisaini leo bila kusema lolote, unaweza kupata jina la ulemavu lililozaliwa na kosa la siku ya kuandikishwa Kigoma. Ukikataa moja kwa moja, na kumbe mtoto ana tatizo la kweli la kusikia au la kusoma, mwaka mwingine unapotea, na Agosti haisubiri. Katikati ya hayo mawili kuna kuiambia shule kwamba hukatai, unataka kwanza kikao chenye mkalimani, masikio na macho yapimwe, na historia yake ya masomo iandikwe: kwamba alitoka darasa la nne, katikati ya mwaka, kwa Kifaransa. Hayo yote ni kweli, na hayagusi tarehe. Sheria inawapa siku 60 za kukamilisha tathmini tangu mzazi anaposaini, na majimbo yana namna yao ya kuzihesabu, lakini hakuna sheria inayokulazimisha kusaini wiki hii.

Kuhusu mkalimani niseme kwa mkazo, maana limenigusa. Binti yako hakupaswa kuisoma barua ile. Shule inayopokea fedha za serikali ina wajibu wa kuzungumza na mzazi kwa lugha anayoielewa, bila malipo, na bila kumtumia mtoto. Hospitali vilevile. Taja lugha yako na uombe mkalimani, kisha usubiri. Ukiletewa mtu wa Mombasa au Zanzibar na hamwelewani vizuri, sema unataka Kiswahili cha Kongo, au Kibembe; wakalimani wa simu wapo na si usumbufu kuomba abadilishwe.

Katika kikao hicho omba wakuonyeshe matokeo ya mtihani wa Kiingereza wa wageni. Kentucky huufanya kila mwaka majira ya baridi, nao una sehemu nne: kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika. Kama kusikiliza kuko juu na kuongea kuko chini kabisa, unajua kwamba lugha inaingia ila haijatoka. Mnaweza kukubaliana na mwalimu asimlazimishe kusoma kwa sauti mbele ya darasa, badala yake arekodi sentensi mbili nyumbani kwa simu na mwalimu azisikilize peke yake. Au apewe mwenzake mmoja tu wa kufanya naye kazi. Watoto wanaofungwa koo shuleni hufunguka kwa mtu mmoja kwanza, kisha wawili. Kama hata nyumbani ataanza kunyamaza, akakosa usingizi, akakojoa kitandani au akaacha mpira, hapo mpeleke kwa daktari wa watoto bila kungoja kikao.

Uliza pia juu ya Agosti. Shule ya kati, aliyopo sasa, haihesabu sana, lakini darasa la tisa, linaloanza sekondari ya juu, linahesabu. Huko kila somo analofaulu linampa krediti, yaani pointi za kuhitimu, na Kentucky inataka zisizopungua 22 ili ahitimu. Akiingia na kufeli masomo sita, anaanza akiwa na deni. Kumbakiza darasa la nane au kumrudisha la saba ni jambo ambalo uongozi wa shule unaweza kulijadili kwa kutazama masomo aliyokosa tu, bila tarehe kubadilika. Ubaya wake ni aibu ya kurudia, na kwamba kwa karatasi atazidi kuonekana mkubwa kuliko wenzake. Lakini yeye mwenyewe, kwa mwili na kwa roho, angekuwa karibu zaidi na rika lake. Mwulize anaonaje.

Jambo la tarehe ndilo linalohitaji utulivu kuliko yote. Kukosea tarehe kwenye karatasi za wakimbizi ni jambo lililozoeleka. Wenye kuzaliwa 1 Januari ni wengi mno. Kesi yenu ina tofauti moja: mlijua, mkajibu vilevile kwenye mahojiano. Ndiyo maana nisingependa uandike tarehe nyingine popote, hata kwenye fomu ya shule, kabla ya kukaa na wakili wa uhamiaji. Tarehe mbili kwenye faili mbili huzua maswali ambayo hukujiandaa kuyajibu. Kwa upande wa pili, fomu ya ukaaji wa kudumu inatiwa sahihi kwa kiapo kwamba yaliyomo ni kweli, na safari hii mtakuwa mnaapa mkijua. Hapo hakuna njia isiyo na uzito. Mkijaza kama zamani, kosa linakuwa gumu zaidi kurekebisha, na baada ya kupata uraia huwa gumu kupita kiasi. Mkijaza kwa ukweli, mtaulizwa ushahidi na mtaulizwa kwa nini hamkusema.

Mtakayoyasema kwa wakili yanalindwa kisheria kuwa siri. Kuna mashirika ya msaada wa sheria yasiyotoza au yanayotoza kidogo, na kuna wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria kwa kesi za uhamiaji. Shirika lililowapokea linaweza kuwaelekeza. Mtu anayejaza fomu kwa malipo uani mwa kanisa, hata akiwa na moyo mwema, hana ulinzi huo wala hana ujuzi wa kesi kama hii. Nendeni wote wawili, wewe na baba, kwa sababu sahihi ni zenu wote.

Mwende na hesabu hii mfukoni. Kwa mkimbizi, miaka mitano ya kungojea uraia huhesabiwa tangu siku aliyofika, kwa hiyo ninyi wazazi mtaufikia Februari 2029. Mtoto mwenye ukaaji wa kudumu anayeishi nanyi, akiwa bado hajafika miaka 18, huupata uraia siku ileile mzazi anapoupata. Kijana, kwa karatasi, atatimiza 18 tarehe 1 Januari 2029, wiki chache tu kabla. Ataukosa uraia wa kupitia kwenu, ingawa kwa kweli atakuwa na miaka 15. Tangu siku hiyo serikali itamtaka awe kwenye orodha ya vijana wanaoweza kuitwa jeshini, na akipatwa na matatizo na polisi atahesabiwa mtu mzima. Kwa tarehe yake ya kweli angekuwa na muda mpaka Juni 2031.

Sasa geuza upande wa binti. Kwa karatasi ana muda mpaka Januari 2031. Kwa tarehe ya kweli anatimiza 18 tarehe 10 Februari 2029, siku zilezile miaka yenu mitano inapotimia, na kwa kuwa maombi huchukua miezi, huenda akakosa. Si mwisho wa njia, maana atakayekosa anaweza kujiombea mwenyewe akiwa na miaka 18 na mitano ya ukaaji. Lakini unaona, mama: kurekebisha kunampa mmoja na kunamnyang'anya mwingine. Binti yako jikoni hakuwa na ubinafsi. Aliona kitu ambacho watu wazima walikuwa hawajakihesabu.

Kwa hiyo naye anahitaji kikao chake. Darasa lake si lazima liguswe. Kubadilika kwa tarehe hakuilazimishi shule kumhamisha, na unaweza kuomba waziwazi abaki pale anapostawi. Kentucky inampa nafasi ya kusoma shule ya umma hadi miaka 21. Uliza hata hivyo anaishije humo. Ana miaka 14 kati ya watoto wa 11 na 12. Mwili wake umetangulia, mazungumzo yao huenda ni ya kitoto kwake, na huenda kung'ara kwake kuna upweke ndani ambao picha ya ukutani haiuonyeshi. Au huenda ana furaha kamili, kwa sababu kwa mara ya kwanza amepewa muda. Yeye ndiye mwenye jibu.

Kwa mume wako, labda usianze na "tuseme au tusiseme". Mmeshaligeuza swali hilo usiku mwingi na kila mmoja ana methali yake. Anza na tangazo la mpira. Mwambie akae sebuleni Jumamosi amsikilize mtoto, kisha umweleze kwamba shule inataka kumpima huyo huyo kwa jedwali la watoto wa miaka 14. Baba aliyetaja ile miaka Kigoma amebeba lake pia, na pengine ukali wake ni wa mtu anayejua ilianzia kwake. Asikutwe na kesi mbele yake.

Jambo moja unaweza kulifanya kesho bila kuamua lolote. Wakili atauliza ushahidi: kadi za kliniki za watoto, cheti cha ubatizo, ripoti za shule ya kambini zenye darasa na mwaka, barua za watu waliokuwepo wakati wa kuzaliwa. Daktari wa meno naye anaweza kusaidia kidogo, maana magego ya pili huota karibu na miaka 12, ingawa makisio yake hupishana kwa mwaka au hata miwili na hayatoshi peke yake. Umesema dada yako yuko Nyarugusu. Mpigie umwulize kadi zipi zilibaki kwake au kwa majirani. Azipige picha pande zote mbili, penye mwanga wa jua, mhuri na tarehe zisomeke, kila kadi picha yake. Za asili azifunge kwenye plastiki, asizikunje, na asimpe mtu wa kusafiri nazo mpaka wakili awaambie anataka zipi.